Mashine Iliyongoja Mgeni Rasmi

Hakuiba. Naanzia hapo hapo, maana najua mlikuwa mnasubiri nianze na kumshukuru Mungu na uongozi.

Siku mliyotuaga hapo maabara sie tuliopunguzwa, kwa soda na sambusa moja moja, kijana mmoja wa chumba cha sampuli (simtaji, mwenyewe anajijua) alisema kwa sauti: "Mzee Mapunda si ndo yule mwizi alofukuzwa kwa kutumia mashine ya serikali kwa mambo yake?" Watu wakacheka. Mie nilikuwa na chupa ya soda mkononi. Mshukuruni dada wa mapokezi aliyenishika mkono, la sivyo mngekuwa mnaandika ripoti ya ajali mpaka leo.

Basi nimeona niandike. Nina miaka thelathini na mbili na tayari naitwa mstaafu, eti "aliyestaafishwa kwa kupunguza wafanyakazi". Sina cheti cha chuo chochote, kwa hiyo msitafute lugha ya chuo humu. Nawaeleza kama nilivyozoea kuwaeleza nikiwa nimeinama juu ya mashine na bisibisi mdomoni.

Mie nimezaliwa Chang'ombe, lakini kazi nilijifunzia Manzese, kwenye kibanda cha mjomba wangu cha kutengeneza redio. Nilianza kwa kushika taa, nikaja kushika bisibisi, mwisho wateja wakawa wanamwuliza mjomba, "Yule binti mwenye mdomo yupo?" Siku moja akaja mzee mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata, kabeba stebilaiza ya kutulizia umeme, nzito kama mtoto wa ng'ombe. Nikaifungua, nikakuta vumbi na viota vya mende. Nikamwambia, "Shikamoo Mzee. Hii haijaungua. Hii imekufa kwa uchafu. Huko inakotoka mnafuga mende?"

Mjomba akanikata jicho. Mzee akaangalia ndani, akasema taratibu, "Marahaba binti. Inatoka kwenye maabara ya taifa. Na mwenye dhamana ya kuisafisha ni mimi."

Ndivyo nilivyokutana na Mzee Mapunda, Mngoni wa Songea, fundi mkuu wa maabara yetu ya Boko. Wiki mbili baadaye alirudi akaniambia kuna nafasi. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mfagizi. "Ingia kwa mlango uliopo," akasema, "milango mingine utaifungua ukiwa ndani." Nikaingia na fagio. Mwezi wa tatu nikawa nafagia asubuhi na kulehemu mchana.

Siku ya kwanza hakunionyesha mashine hata moja. Alinipa brashi laini, chupa ya spiriti na daftari la kurasa mia mbili. Akasema brashi na spiriti ni vya mashine, daftari ni la fundi. Ukiigusa mashine, andika: saa ngapi umeiwasha, joto la chumba, unyevu, umeme unacheza kiasi gani, umefanya nini, saa ngapi umezima. Usipofanya kitu, andika hujafanya kitu. Nikamwuliza atasoma nani. Akanijibu, "Atasoma mtu atakayekuwa hakuamini." Nilidhani ananitisha tu.

Sasa nije kwenye mashine yenyewe, hii mnayoigombania kila siku. Nyie mmeikuta imekaa kana kwamba ilizaliwa hapa. Ilikuja kwa makubaliano ya nchi tatu: sie na majirani zetu wawili. Hakuna nchi kati ya hizo ambayo ingeweza kuwa na mashine ya namna hii peke yake, ya kupima madini kwenye maji na udongo mpaka chembe ambazo jicho wala ulimi haujui kuwa zipo. Wafadhili wa Ulaya walitoa mashine. Majirani wangeleta sampuli na vijana wa kujifunza. Nchi yetu ilitoa jengo, umeme na mafundi. Na kulikuwa na sharti moja ambalo Mzee Mapunda alilijua kwa moyo kama sala ya Baba Yetu: kabla ya makubaliano kusainiwa kikamilifu, mkaguzi wa wafadhili atakuja, na akikuta mwenyeji ameshindwa kuitunza, mashine inahamia kwa jirani.

Ikafika ndani ya makasha matatu. Mhandisi wao akaifunga, akaijaribu, akatufundisha wiki mbili, akaondoka. Kesho yake Mkurugenzi wa wakati ule akatuita. Akasema kuanzia leo hakuna mtu kuwasha. Mashine itazinduliwa na mgeni rasmi.

"Lini, Mheshimiwa?" Mzee Mapunda akauliza.

"Wizara itatujulisha."

"Na kiyoyozi cha chumba?"

"Fungu la umeme wa jengo jipya linaanza siku ya uzinduzi. Hilo hata mimi siwezi kulisogeza."

Mie nikadakia, kama kawaida yangu. "Sasa si tuwashe kidogo kidogo, mgeni akija tumwambie ni mpya?"

Mkurugenzi akanitazama kama mtu aliyeona fagio linaongea. "We binti, unataka kiongozi aje kufungua kitu kilichokwisha funguliwa? Akate utepe wa nini? Mnataka aonekane mjinga mbele ya wageni?"

Nisimwonee. Hakuwa mtu mbaya, na hakuyabuni yeye. Nyie na mie tumelelewa hivyo hivyo. Zahanati inakamilika, vitanda viko ndani, na wajawazito wanapita mlangoni wanaenda mbali kwa sababu utepe haujakatwa. Kisima kinachimbwa, bomba linafungwa kufuli, linasubiri hotuba. Tunaona ni heshima. Tukashona hata kitambaa cha kufunikia jiwe la msingi. Mashine nayo ikafunikwa shuka jeupe, swichi kubwa ikashushwa, chumba kikafungwa.

Mwezi ukapita. Wa pili. Wa tatu. Watu wakaanza kuiita Mwali. "Mwali hajatoka?" "Yupo ndani, anangoja ngoma." Hata mlinzi getini alikuwaga ananiuliza hivyo kila asubuhi.

Boko si mbali na bahari, nyie mnajua. Funguo ukiiacha mezani wiki moja inaota kutu. Mwezi wa nne Mzee Mapunda akaomba ufunguo wa kufagia, akaingia na mie. Harufu ilitupokea mlangoni, kama ya nguo zilizokunjwa mbichi. Tukatoa shuka. Akafungua kifuniko cha pembeni kwa bisibisi yake ndogo yenye mpini wa mninga, aliouchonga mwenyewe, akamulika tochi. Kwenye kioo kimoja cha ndani ukungu ulishaanza kuchora utando kama wa buibui. Kwenye skrubu mbili, kutu.

Mzee akazima tochi. Akakaa kwenye kiti cha mhandisi, na mara ya kwanza nikamwona kachoka.

"Tumwambie Mkurugenzi," nikasema.

"Nimemwambia mara tatu. Ameandika wizarani. Amri ni amri, Hawa."

Hapo nikapandwa. Nikamwambia, "Mzee, sie Wazaramo ndo wenye mwali, nyie wa Songea mmekopa jina tu. Hebu nikuambie. Mwali anawekwa ndani, sawa. Haonekani, sawa. Lakini analishwa! Anasingwa, anafundwa, anaogeshwa kila siku. Siku ya kutoka watu wanamwona kanawiri, wanapiga vigelegele. Umewahi kusikia wapi mwali kafungiwa akaachwa aoze, kwa kuwa siku yake haijafika?"

Akakitazama tena kile kioo chenye ukungu. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Watu wa pwani," akasema. "Ngoma tu ndo mnazozijua. Lete waya."

Tukavuta umeme kutoka jengo la zamani kwa ekstensheni, tukaipitisha kwenye stebilaiza ile ile niliyoitolea mende. Kila asubuhi masaa mawili. Mgao wa umeme ukikata, tunasubiri. Tukasafisha kioo kwa karatasi ya lenzi, kila mfuto karatasi mpya, kutoka katikati kwenda nje, kama alivyotufundisha mhandisi. Tukapanga vijipakiti vya kunyonya unyevu, vikilowa tunavikausha kwenye oveni ya kukaushia udongo. Kila kitu kikaingia daftarini, na sahihi ya Mzee Mapunda chini yake. Yangu alikataa isiandikwe. Alisema mwandiko wangu mbaya.

Lakini mashine ya kupimia usipoipa kitu cha kupima inapumua tu, haifanyi kazi, na wewe hujifunzi. Kwa hiyo mara moja kwa wiki tuliwasha moto wake wa kuchomea sampuli, tukapima. Kwanza maji yenye kipimo kinachojulikana, kuona kama inasema kweli. Kisha ya mvua, ya bomba. Akaniambia, "Lete na ya kwenu." Nikaleta ya kisima cha Bi Zuhura.

Bi Zuhura alikuwa jirani yetu Chang'ombe, mama lishe, anapikia mafundi wa gereji. Kisima kilikuwa uani kwake, na nyumba kama kumi tulikuwa tunachota hapo bomba likikauka. Nyuma ya ua wake palikuwa na vijana wa kutengeneza betri za magari. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, magari ya mitumba yaliingia kwa fujo, betri mbovu zilikuwa kazi tosha. Walikuwa wanazipasua, maji yake wanamwaga chini.

Sindano ya kipimo ikapanda. Madini ya risasi. Mie risasi naijua, ndo niliyolehemea redio tangu utotoni. Sikuwahi kufikiri naweza kuinywa.

Nikaruka. Mzee Mapunda akanikalisha. "Chupa uliosha na nini?" Na sabuni. "Basi umepima sabuni yako." Akanifundisha kuosha chupa kwa asidi, kuisuuza mara tatu kwa maji ya kisima chenyewe, kujaza mpaka juu, kufunga humo humo. Nikaleta tena mara mbili. Ile ile. Nikaleta ya kisima kingine cha mtaa wa mbali: safi. Nikarudia ya Bi Zuhura mara ya nne. Ile ile.

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Sasa tumejua," akasema. "Nipe wiki moja. Namwandikia Mkurugenzi, nitatafuta njia ya kumwambia bila kumwumbua. Atatoa barua kwa watu wa afya, kisima kitafungwa kwa utaratibu. Wiki moja, Hawa. Wewe nyumbani kwenu acheni kuyanywa, na Bi Zuhura mnong'oneze asipikie. Asiulize kwa nini."

Nikasema sawa. Na nilimaanisha sawa mpaka nilipofika nyumbani nikamkuta Bi Zuhura anachota maji ya uji.

"Bi Zuhura, shikamoo. Hayo mwaga."

"Marahaba mwanangu. Nimwage kwa nini, yamekukosea nini?"

"Yana sumu."

"Sumu ya nani? Nimechimba mie na marehemu mume wangu, nimekunywa mpaka leo, na meno yote ninayo!"

Wale vijana wa betri wakasikia, mmoja akadandia ukuta. "Sista, umeanza lini udaktari? Si juzi tu ulikuwa unafagia?" Wenzake wakacheka. Ningenyamaza hapo, mambo yangekwisha. Lakini mie damu yangu inachemka haraka kuliko birika. Nikawatukana mpaka baba zao. Wakanirudishia. Watu wakajaa, tukasukumana, na mwisho wake tukapelekwa wote ofisi ya kata.

Ofisa akauliza swali moja tu. "Nani kapima?"

Na mie, kwa sifa, kidevu juu: "Tumepima sie! Boko! Kwa mashine mpya ya nchi tatu! Mara nne!"

Ofisa akaandika. Alifanya kazi yake vizuri kuliko wote siku ile: akaandika barua kwa maabara, kwa adabu, kuomba nakala ya majibu ya mashine mpya.

Mashine ambayo ilikuwa haijafunguliwa.

Barua ilifika kabla ile wiki haijaisha. Tukaitwa wote wawili. Mkurugenzi alikuwa ameshika karatasi kwa ncha za vidole. "Mapunda, hii nini?"

Nikafungua mdomo. Mzee Mapunda akasema, bila kunigeukia, "Hawa, nenda kalete daftari."

Nikakimbia. Niliporudi kesi ilikuwa imekwisha. Alikuwa amesema kawasha yeye, kapima yeye, mfagizi alitumwa maji tu, hajui kitu. Nikaanza kupiga kelele kwamba ni uongo, ni mie niliyemshawishi, ni mie niliyeropoka. Akanikazia macho. Hakuwahi kunikaripia tangu nimjue, na hata pale hakunikaripia. Alisema tu, "Binti, mashine inahitaji mtu mmoja abaki."

Mkurugenzi hakulifungua hata lile daftari. Barua ya Mzee Mapunda ilisema "kustaafishwa kwa manufaa ya umma". Miaka ishirini na kitu ya kazi. Alikusanya brashi zake, akaniachia bisibisi ya mninga, akapita getini. Mlinzi siku hiyo hakuuliza habari za mwali.

Kabla hajapanda gari la kwao Songea nilimfuata alikopanga, Temeke, nimuombe radhi. Alikuwa anafunga mzigo kwa kamba ya katani. Nikalia mpaka nikakosa sauti. Aliniacha nimalize, halafu akasema, "Mkaguzi anakuja siku ya uzinduzi. Endelea kuwasha."

"Watanifukuza."

"Mfagizi anafagia. Nani anamwuliza fagio lake linachukua masaa mangapi? Na siku hiyo, Hawa, usiniseme. Ukianza ugomvi mbele ya wageni, watasema hawa wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, tutawaachiaje mashine. Jirani ataichukua, na mimi nitakuwa nimeondoka bure. Niahidi."

Nikaahidi. Nikaendelea kuwasha, peke yangu, mwezi na nusu. Huu mwandiko mbaya mnaouona daftarini baada ya sahihi yake kukoma ni wangu.

Uzinduzi ukafika. Maturubai, ngoma, mgeni rasmi akakata utepe, kitambaa kikaondolewa kwenye jiwe. Baada ya makofi, mkaguzi wa wafadhili, Bwana Henrik, mrefu, mkimya, akaomba kuingia chumbani na wajumbe wa nchi jirani. Akafungua kifuniko cha pembeni, akamulika. Akaingiza kichwa kizima. Alipokitoa, akaangalia kaunta ya masaa, akamwuliza Mkurugenzi kwa Kiswahili chake cha kozi: "Mashine hii imefanya kazi masaa mengi. Kwa nini?"

Wajumbe wote wakamgeukia. Mkurugenzi jasho lilimtoka. Nikatoka kwenye kona nilikokuwa nimesimama na fagio, nikampa daftari.

Alisoma amesimama. Ukurasa kwa ukurasa, joto, unyevu, umeme, "mgao, hatukuwasha". Alifika kwenye kurasa za kisima, akarudi nyuma, akazisoma tena. Mjumbe wa nchi jirani, ambaye nchi yake ndiyo ingeipata mashine, akasoma begani kwake. Ndiye aliyeongea kwanza. Alisema kwao kuna mashine ndogo ya aina hii ilingojea uzinduzi mwaka mzima, ikazinduliwa imekufa. Akasema yeye atasaini ibaki hapa.

Bwana Henrik akageuza jalada. "Mapunda ni nani? Nataka kumshika mkono."

"Amestaafu," Mkurugenzi akajibu.

Na mie, mie Hawa, niliyeropoka kwa vijana wa betri, niliyeropoka kwa ofisa wa kata, mdomo usiojua kufuli, nilisimama pale nikanyamaza. Niliahidi, ndiyo. Na mashine ilibaki, ndiyo, na hayo majibu mnayotuma nchi tatu yanatoka kwenye ukimya ule. Lakini nimejiuliza miaka yote hii kama ile ilikuwa utii au uoga, na siku nyingine jibu silipendi.

Sampuli ya kwanza rasmi, namba moja kwenye rejista yenu, ni ya Chang'ombe. Niliileta mie, chupa imeoshwa kwa asidi. Ilijibu vile vile. Barua ikatoka, kisima kikafungwa kwa utaratibu kama alivyotaka yeye. Bi Zuhura alikuwa ameshakifunika bati mwenyewe siku nyingi, hachoti mtu. Aliniambia, "Mtu akigombana namna ile kwa ajili ya maji ya mwenzie, basi yana jambo."

Mzee Mapunda alifariki miaka miwili baadaye. Nililetewa barua na mwanawe. Jiwe pale mlangoni lina jina la mgeni rasmi na nembo za nchi tatu, na halina nafasi ya kuongeza jina.

Miaka iliyofuata nimewafundisha wengi wenu, na wa nchi jirani pia, na nimewatukana karibu wote. Sitaki kuwaombeni radhi kwa hilo. Bisibisi ya mninga nimeiacha droo ya pili, ni ya kifuniko cha pembeni tu, msifungulie makopo ya rangi.

Ila kuna jambo nililiona wiki yangu ya mwisho. Kwenye chumba cha nyuma yaliletwa makasha mawili mapya, mchango wa wafadhili wengine, mashine ya kupima sumu za viuatilifu. Imeshatolewa makashani, imefungwa na kujaribiwa. Imefunikwa shuka. Swichi kubwa imeshushwa. Nilipouliza, nikaambiwa wizara itatujulisha. Ukungu wa Boko haungoji barua ya wizara, na mie ufunguo wa kufagia nimesharudisha.

Nani kati yenu ataiwasha?